Wabudha katika nchi jirani zetu

Katika somo la historia, wanafunzi wetu wa Miti hujifunza juu ya dini zilizoingia Kivu: Mapadri Weupe, Waprotestanti, Waislamu waliofuata njia za biashara toka pwani. Ubudha wanausikia kama jambo la Wachina na Wahindi tu. Kumbe kwa kuwatafuta Wabudha siyo lazima kuvuka bahari.

Huko Dar es Salaam, Wasinhala wa kisiwa cha Ceylon (Sri Lanka ya leo) waliokuja kutafuta kazi waliunda chama chao mwanzoni mwa karne ya 20, kisha wakajenga hekalu. Lingali lipo. Ila kwa miaka mingi dini hiyo ilibaki hasa kwa wale walioileta.

Uganda mambo ni mengine. Steven Kaboggoza, Muganda aliyezaliwa 1966 katika familia ya Wakatoliki, alikwenda India mwaka wa 1990 kusoma biashara. Kule akakutana na watawa wa Thailand. Mwaka wa 2002 akawekwa mtawa katika California, akaitwa Buddharakkhita, na mwaka wa 2005 akafungua kituo karibu na Entebbe. Mwenyewe amesimulia kwamba kwa sababu ya ile nguo yake watu walimdhania Mmasai, wengine mganga. Basi hapa hakuna mgeni aliyeleta dini. Ni mtoto wa nyumbani aliyerudi nayo.

Je, ingefika Bushi? Amri zake tano ni kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uwongo, na kutokunywa pombe. Nne za kwanza wazee wetu wangezikubali bila kelele. Ya tano, hapana: nani atapeleka mahari bila kasiksi? Lakini ugumu mkubwa, kwa maoni yetu, siyo kasiksi. Budha hakufundisha juu ya Mungu muumba, na Mushi, hata kabla ya mapadri kufika, alimtaja Nyamuzinda. Kumwondoa huyo ni kugusa shina la ukoo.

Swali hili si la mbali. Wako vijana wa Kivu wanaosoma India leo, kama yule Muganda zamani zile. Mmoja akirudi na kichwa kilichonyolewa, baba yake atamwambia nini mbele ya wajomba? Kwa Buddharakkhita, mama yake mzazi alimfuata, naye akawa mtawa.