Anthony Allison: Mtafiti aliyefichua siri ya selimundu na malaria

Kwa nini selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, imeenea zaidi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu? Jibu lilitolewa na Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Gilgil nchini Kenya na kusomea udaktari Oxford, Uingereza.

Makala zake za kisayansi zinagusa mambo mawili makubwa: magonjwa ya damu na kinga ya mwili. Hizi ndizo zilizoacha alama kubwa.

1949: Sampuli za damu Kenya

Akiwa bado mwanafunzi, Allison alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali.

Alichokiona kilimshangaza. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa wabebaji wa selimundu, yaani wamerithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja tu. Nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1.

Akajiuliza: penye wabebaji wengi ndipo penye malaria. Je, kuna uhusiano?

1954: Makala iliyobadili kila kitu

Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki kutafuta ushahidi, na mwaka uliofuata akauchapisha katika British Medical Journal.

Alipima watoto 290 nchini Uganda:

- Kati ya wabebaji 43, waliokutwa na vimelea vya malaria ni 12 (asilimia 28).
- Kati ya 247 wasio wabebaji, waliokutwa navyo ni 113 (asilimia 46).

Pia wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wabebaji 15, ni wawili tu waliopata vimelea. Kwa wengine 15 wasio wabebaji, walikuwa 14.

Kwa lugha nyepesi: kinasaba kinacholeta ugonjwa mtoto anapokirithi kwa wazazi wote wawili ndicho hicho kinachomkinga aliyekirithi kwa mmoja. Ndiyo maana hakikupotea kwenye maeneo ya malaria. Hadi leo wanafunzi wa baiolojia hufundishwa mfano huu wanaposoma uteuzi asilia kwa binadamu.

Kutoka damu hadi kinga

Baadaye Allison aligeukia kinga ya mwili. Mwaka 1971, yeye na wenzake waliandika katika The Lancet kuhusu nafasi ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, pale mwili unapojishambulia wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliongoza ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo jijini Nairobi. Kisha akahamia Marekani, katika kampuni ya dawa ya Syntex.

Huko, yeye na mtafiti mwenzake Elsie Eugui walitengeneza mikofenoleti mofetili, inayouzwa pia kwa jina la CellCept. Dawa hii huzinyima limfosaiti malighafi ya kutengeneza DNA, hivyo haziongezeki na kushambulia kiungo kipya. Mwaka 1995 iliidhinishwa Marekani kwa waliopandikizwa figo. Leo hutumika pia kwa wagonjwa wa lupasi ambayo imeathiri figo.

Allison alifariki Marekani mwaka 2014.

Usichanganye mambo haya

Kuwa mbebaji hakumaanishi huugui malaria. Kunapunguza hatari ya malaria kali, basi. Chandarua bado kinahitajika.

Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu hana unafuu huo. Kwake malaria inaweza kuua haraka, hivyo homa yoyote ni ya kuwahi hospitali.

Na wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuwa na selimundu. Mbebaji kwa kawaida haumwi wala haonekani kwa macho. Njia ya kujua ni kipimo cha damu, na ni bora wenzi wakifanye kabla ya kupata mtoto.