Tarakimu Badala ya Majina: Mfumo wa Herufi za Univers

Majina ya sura za herufi za chapa yaliwatatiza wapiga chapa kwa muda mrefu. Kila kiwanda cha kusubu herufi kilikuwa na desturi yake: iliyoitwa nzito na kiwanda kimoja yaweza kuwa ya kadiri kwa kingine, na jina lilibadilika tena lilipovuka mpaka wa lugha.

Mwaka 1957 kiwanda cha Deberny & Peignot cha Paris kilitoa herufi za Univers, zilizosanifiwa na Mswisi Adrian Frutiger. Zilikuwa sura 21, nazo zilibuniwa pamoja tangu mwanzo, hazikuongezwa mojamoja kadiri wateja walivyozidai. Frutiger alizipanga katika jedwali, akazitambulisha kwa tarakimu mbili. Ya kwanza huonyesha uzito. Ya pili huonyesha upana na mwinamo, witiri ikiwa ya herufi zilizosimama na shufwa ya zilizoinama. Kitovu ni 55, sura ya kawaida. Basi 65 ni nzito kuliko 55 kwa upana ule ule, 56 ni 55 iliyoinama, na 39 ni nyepesi iliyobanwa mno.

Hapa yafaa tuzingatie mambo mawili. Kwanza, ulinganifu haukuua tofauti. Kwa kuwa sura zote zina asili moja, nyingi zaweza kukaa katika ukurasa mmoja bila kugombana. Pili, Frutiger hakulazimisha kila chumba cha jedwali kijazwe, aliacha nafasi. Mwaka 1997 kampuni ya Linotype ilipoupanua ukoo huo, tarakimu zilifanywa tatu, lakini wazo la msingi likabaki.

Kwa mtunga istilahi funzo ni dhahiri. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kipimajoto atakielewa kipimamvua bila kufafanuliwa. Lakini akipewa leo kipimajoto, kesho neno la mkopo, na keshokutwa tafsiri ya sentensi nzima, itambidi akariri kila jina peke yake, na somo litamwelemea kabla hajalianza.

Hata hivyo, mfumo usitufanye tuiite saa kipimawakati, wala mizani kipimauzito. Watu wanayo majina hayo tayari. Hivyo ni vyumba vya jedwali ambavyo mtunga istilahi mwenye busara huviacha vitupu.