Mjapani alipotuchungulia Dar, 1942

Wadau, ukisimama Kurasini jioni, karibu na bandari, utahesabu malori ya Isuzu na Hino mpaka uchoke. Leo nawaletea habari za ndugu yao mmoja aliyewahi kupita juu ya mji huu, na wala hakufuata kontena.

Shuleni tulifundishwa kwamba babu zetu walipelekwa Burma kupigana na Mjapani. Hatukuambiwa kwamba Mjapani naye alifika huku! Mei 19, 1942, nyambizi ya Kijapani I-30 ilikuwa kwenye pwani yetu. Ilibeba kindege cha watu wawili, Yokosuka E14Y, kilichofunguliwa vipande na kuhifadhiwa ndani ya kibanda kisichoingiza maji. Kikaunganishwa, kikaruka, kikachungulia Zanzibar na Dar es Salaam. Walikuwa wakitafuta manowari za Waingereza. Baada ya Colombo kushambuliwa Aprili 5, Waingereza walikuwa wamehamishia meli zao Kilindini, Mombasa. Siku 11 baadaye nyambizi ndogo za Kijapani zikashambulia Diego Suarez, Madagaska.

Mimi kilichonivutia zaidi ni injini ya kindege hicho. Iliitwa Tempu, yaani upepo wa mbinguni: silinda 9 zilizopangwa duara kama spoku za baiskeli, nguvu za farasi kama 340. Injini za namna hii hupozwa na upepo wenyewe. Hakuna rejeta, hakuna maji, hakuna mipira ya kuvuja (wenye magari wananielewa). Kwa kindege cha kukunjwa ndani ya nyambizi, kila kilo ilikuwa na thamani.

Kuna watu husema Wajapani walikopi tu. Ni kweli nusu. Kampuni ya Nakajima ilinunua leseni ya injini ya Jupiter kutoka Bristol, Uingereza, ikajifunza kwayo, na kufikia 1930 ikawa na ya kwake, Kotobuki. Miaka kumi baadaye Nakajima hao hao ndio waliokuwa wakitengeneza Sakae, injini ya ndege ya kivita ya Zero. Mwanafunzi gani huyo anayekopi halafu anamtoa jasho mwalimu?

Tempu yenyewe ilitoka kwa kampuni nyingine, Gasuden ya Tokyo, iliyoanzishwa 1910 ikitengeneza vifaa vya taa za gesi. Kutoka taa ikaingia kwenye malori, kisha injini za ndege. Baadaye ikagawanyika. Upande wa magari uliunganishwa na wengine mwaka 1937, na humo ndimo ilimotoka Isuzu. Upande wa ndege ukachukuliwa na Hitachi mwaka 1939.

Na Hino? Ilitengwa kuwa kampuni inayojitegemea Mei 1942, mwezi ule ule ambao Tempu ilikuwa ikinguruma juu ya bandari yetu. I-30 yenyewe iliendelea hadi Ufaransa, ikageuza kurudi, na Oktoba mwaka huo ikagonga bomu la majini Singapore na kuzama.