Kicheko cha Baba

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nilipokuwa mtoto wa shule, gari la sinema lilikuwa likifika Sikonge mara chache kwa mwaka. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, jenereta ikaanza kunguruma, nasi tukaketi mchangani, watoto mbele na wakubwa nyuma. Usiku mmoja zilionyeshwa picha mbili, na sijasahau jinsi marehemu baba yangu alivyozitazama.

Ya kwanza ilikuwa ya Charlie Chaplin, ambaye sisi tulimwita Chale. Mtoto mdogo anavunja vioo vya madirisha kwa mawe. Mara Chale anapita, amebeba vioo vipya mgongoni, apate kazi ya kuvitia. Polisi akatokea, wakatimua mbio. Baba alicheka hata akajifuta machozi. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili: mshamba anafika mjini na kifurushi chake, wajanja wanamzunguka na kumwibia. Watu waliangua kicheko uwanja mzima. Baba alinyamaza kimya.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Baba alikuwa manamba. Kama vijana wengi wa Unyamwezi wa enzi zake, alikwenda Tanga kukata mkonge. Alipomaliza mkataba alilaghaiwa fedha zake zote njiani, akarudi nyumbani na blanketi moja. Yule mshamba aliyechekwa kwenye kitambaa alikuwa yeye.

Picha za namna hiyo zina historia yake. Mwingereza mmoja, Meja Notcutt, alipokuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, aliona kwamba sinema ingesaidia kuwatuliza vibarua waridhike na kazi. Kuanzia 1935 hadi 1937 yeye na wenzake walitengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa msaada wa fedha za Marekani. Filamu hizo zilitembezwa kwa gari nchi hata nchi. Nia yake ilikuwa kufundisha: afya, kilimo, kuweka akiba. Lakini mara nyingi somo lilifundishwa kwa njia ya mjinga na mwerevu, na mjinga alikuwa ni yule anayeshika mambo ya kwao.

Mwaka 1952 ikatoka filamu ya Muhogo Mchungu, ya mtu wa shamba anayekuja Dar es Salaam. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana aliyesoma hapa Tabora, Rashidi Mfaume Kawawa. Tazama mambo ya dunia! Kijana huyo mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, akawasemea vibarua, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Na Chale je? Alizaliwa London mwaka 1889. Mwaka 1896, akiwa na miaka saba, aliingizwa pamoja na mama yake na kaka yake katika nyumba ya maskini ya Lambeth. Alikulia miongoni mwa watu wa chini wa jiji lile, wanaoitwa Cockney, ambao Waingereza wenzao waliwacheka kwa matamshi yao. Filamu ile ya mtoto na vioo, The Kid, aliitoa mwaka 1921 huko Marekani, lakini njaa iliyomo ndani yake aliijua tangu Lambeth. Baba hakuyajua hayo, wala hakujua Kiingereza. Alimwona tu mzungu mwenye viatu vilivyochakaa akimkimbia polisi, akamtambua kuwa ni mwenzake. Chale alicheka umaskini akiwa ndani yake. Wale wengine waliutazama kutoka barazani.

Ninayasema haya nikiwa na deni. Nilipokuwa mwalimu kijana, mvulana mmoja kutoka kijijini alisimama kusoma, akasema “kurara” badala ya “kulala”. Niliyarudia matamshi yake kwa mbwembwe, darasa zima likacheka. Muhula mzima hakunyosha mkono tena. Baadaye nilikuwa mkuu wa shule, nikawaonya walimu wengi wasifanye hivyo, lakini yule mvulana sikumwomba radhi. Mtoto wa manamba nilikuwa nimeketi barazani.

Wazee wetu waliijua njia iliyo bora. Wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, walipita katika nchi za watu, wakazaa utani na Wazaramo na wengineo. Mtani hukucheka usoni, hukuita mshamba, huchukua hata kuku wako. Lakini nawe unayo haki ya kumcheka vile vile, na siku ya msiba ndiye anayekuja kushika jembe la kaburi. Kicheko chake kina wajibu.

Baba alipofariki, mtani wetu mmoja alilala mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Waombolezaji walicheka huku wakilia. Kisha akainuka, akaingia mwenyewe kaburini kumpokea. Nadhani kicheko kile baba angekifurahia.