Mchele wa Meli: Kenya na Tanzania

Leo ni somo la historia, lakini fungueni pia madaftari ya hesabu.

Mkulima wa delta ya Rufiji hupanda mpunga wakati maji ya mto yanaposukuma chumvi kurudi baharini. Hukaa katika dungu majuma mengi, akiamia ndege na kufukuza nguruwe. Akifikisha gunia lake Kibiti, bei anayoikuta haikupangwa na yeye na mnunuzi peke yao. Meli iliyoshusha mchele Mombasa au Dar es Salaam nayo imetia mkono.

Msidhani Tanzania ilijitosheleza siku zote. Mwaka 1974, baada ya ukame, na watu wakihamishiwa vijijini, nchi ilinunua nafaka nyingi sana ng'ambo, mchele ukiwamo. Warufiji wa bondeni walikwisha kuhamishwa tangu 1969, wakawekwa mahali pa juu, mbali na mashamba yao ya mpunga. Katika miaka ya 1980 wafanyabiashara waliruhusiwa tena kununua nafaka, na wakulima wa Mbeya, Morogoro na Shinyanga wakazidisha kilimo. Kufika 2017 nchi ilikuwa ikipata zaidi ya tani 1,000,000 za mchele wake kwa mwaka.

Kenya ilishika njia nyingine. Mashamba ya Mwea yalianza miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji ilichimbwa na mahabusu. Lakini miji ilikua upesi kuliko mifereji. Mwaka 2017 Kenya ilileta kwa meli zaidi ya tani 500,000, mara kadhaa ya mavuno yake.

Sasa hesabu. Tangu 2005 nchi za Afrika Mashariki zina ushuru mmoja wa forodha, na mchele wa nje umewekewa asilimia 75. Kenya iliombewa ruhusa ya kutoza 35. Kwa nini? Mchele wake mwingi ulitoka Pakistani, na Pakistani ndiyo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya. Tuache vifungu vingine vya sheria, tutazame asilimia tu. Mchele wa shilingi 100,000 ukifika bandarini, Dar es Salaam utalipiwa 75,000, Mombasa 35,000. Mlaji wa Mombasa amepata nafuu ya 40,000. Mkulima wa Mwea, je?

Mapema 2013 serikali ya Tanzania nayo iliruhusu mchele uingie bila ushuru, ili bei ishuke mijini. Ikashuka kweli, na wakulima wakabaki na mpunga ghalani bila mnunuzi. Mimi nasema walaji wa mjini walisikilizwa upesi kuliko wenye madungu.

Mkilinganisha nchi mbili, pimeni kwa tani, si kwa shilingi, kwa kuwa thamani ya fedha hubadilika kila mwaka. Kisha kumbukeni kwamba daftari la forodha huandika gunia lililopita forodhani tu. Zanzibar hutoza mchele ushuru mdogo kuliko bara, na magunia mengine yamevushwa usiku kwa jahazi, yakashushwa pwani. Hayo hayakuandikwa popote, lakini sokoni yamo.