Kaseti: Muziki wa Kwanza wa Mtoto

Kaseti ndiyo iliyompa mtoto wa Afrika Mashariki muziki wa kuuita wake. Kabla yake muziki ulikuwa na wenyewe: santuri zilikuwa za baba, redio ilikuwa ya nyumba nzima, na ngoma ilikuwa ya mtaa. Waliokua katika miaka ya 1980 na 1990, mwambao na bara, wakikumbushwa muziki wa kwanza waliomiliki, aghalabu hawaanzi na jina la mwimbaji. Huanza na rangi ya ganda la kaseti, mwandiko wa kalamu kwenye kibandiko chake, na mahali wimbo ulipokatikia. Kumbukumbu hiyo ina chimbuko lake, na chimbuko lake ni santuri.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Zilikuwa sahani nzito, zikizunguka mara 78 kwa dakika, kila upande ukibeba dakika tatu hivi, na zikianguka zilivunjika kama kigae. Gramafoni ya kutiwa ufunguo iliwekwa sebuleni au mkahawani, na aliyeruhusiwa kuigusa alikuwa mtu mmoja. Mtoto alisikiliza kwa hisani. Sindano ikiwekwa vibaya ilichimba mistari ya santuri na kuiharibu kabisa, kwa hiyo wazee waliomfukuza mtoto karibu na chombo hicho walikuwa na sababu.

Katika miaka ya 1960 soko lilishikwa na santuri ndogo za plastiki za mizunguko 45. Nyingi kati ya zilizouzwa Afrika Mashariki zilifyatuliwa Nairobi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kazi hiyo, hivyo bendi zake zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam au zilivuka mpaka kwenda Kenya. Upande mmoja wa santuri haukutosha wimbo mzima wa dansi, na wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi na kiitikio, upande wa pili chemko, pale magitaa yanapochachamaa. Katika kugeuza santuri palikuwa na ukimya mfupi, na wapo wazee ambao hadi leo wakiusikia wimbo wa zama hizo ukipigwa moja kwa moja huhisi kuna kitu kimerukwa. Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979, alijulikana nchi hizi zote kwa santuri hizo. Lakini Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Santuri kutoka Nairobi zikaadimika madukani Tanzania wakati huohuo mashine za kuzipigia zilipokuwa zinachakaa.

Kaseti yenyewe ilizaliwa mbali. Lou Ottens na wenzake wa kampuni ya Philips waliibuni huko Hasselt, Ubelgiji, na ikaoneshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963. Ni kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, ndani yake mkanda wenye upana usiofika milimita 4, ukipita kwenye kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ile ya dakika 60 ina mkanda wa mita 90 hivi. Philips iliwaruhusu watengenezaji wengine waitumie bila malipo, na kampuni za Japani zikaijaza dunia redio kaseti za bei ya wastani. Tofauti yake kubwa na gramafoni ilikuwa moja: gramafoni hupiga tu, redio kaseti hupiga na kurekodi.

Kwa mtoto wa Tanzania tofauti hiyo ilikuwa kila kitu. Nyimbo nyingi za Mlimani Park, Msondo, Vijana Jazz na bendi nyinginezo zilirekodiwa studio za Radio Tanzania ili zipigwe redioni. Hazikuuzwa dukani. Aliyetaka kuwa nao wimbo alikuwa na njia moja tu ya uhakika: kuungoja upigwe, kisha kuunasa. Mtoto alikaa mbele ya redio, vidole viwili juu ya vitufe viwili, cha kupigia na kile chekundu cha kurekodia, ambavyo vilibidi vibonyezwe pamoja. Mtangazaji alianza kutaja jina la wimbo, na mtoto alipaswa kukisia maneno yatakwisha lini. Akiwahi, alinasa sauti ya mtangazaji. Akichelewa, alipoteza gitaa la mwanzo. Mwisho wa wimbo nao ulikuwa na mtihani wake, kwa kuwa mtangazaji angeweza kuingia na salamu au saa kabla chemko halijaisha.

Penye redio isiyokuwa na sehemu ya kaseti, kinasa sauti cha kuazima kiliwekwa mbele ya spika na nyumba nzima ikaombwa inyamaze. Haikunyamaza. Kwa hiyo kaseti nyingi za utotoni zimebeba mengine juu ya muziki: jogoo, sufuria iliyoanguka, mtoto mdogo anayelia, mama anayeita mtu kutoka uani. Wakati ule hizo zilikuwa kasoro. Miaka 30 baadaye, wimbo unaweza kupatikana popote kwa sauti safi, lakini ile sauti kutoka uani iko katika kaseti moja tu duniani. Hapo ndipo thamani ya kaseti ya kwanza ilipo, na hakuna maktaba ya muziki iliyowahi kuihifadhi.

Umiliki huo ulidai kazi ya mikono. Vigurudumu viwili vya kaseti vina meno sita kila kimoja, na kalamu ya Bic ina pande sita, basi kalamu iliingia tundu na kukaza kama iliyotengenezewa kazi hiyo. Mtoto aliizungusha hewani kurudisha mkanda mwanzo, maana kurudisha kwa mashine kulimaliza betri. Betri kubwa nne au sita zilikuwa gharama inayojadiliwa na watu wazima. Zilipochoka sauti ya mwimbaji ilianza kuvuta, ikawa nzito kama ya mtu mwenye usingizi. Hapo zilitolewa na kuanikwa juani, juu ya bati au dirishani, zikapata nguvu ya nyimbo mbili tatu zaidi. Mashine ikimeza mkanda, ulichomolewa polepole kwa ncha ya kidole. Ukikatika uliungwa kwa seloteipu au rangi ya kucha, na tangu siku hiyo wimbo uliruka neno moja mahali palepale. Mwenye kaseti alizoea kuimba akiruka neno hilo.

Nyuma ya kila kaseti palikuwa na vipande viwili vidogo vya plastiki. Vikivunjwa, kitufe chekundu kilikataa kubonyea na kilichorekodiwa kikawa salama. Ila salama hiyo ilikuwa ya muda: karatasi iliyokunjwa au kipande cha seloteipu kikiziba pale, kaseti ilirekodika tena. Mawaidha ya babu yalifutwa kwa rumba, na rumba ya kaka mkubwa ilifutwa na mdogo wake kwa rap. Magomvi mengi ya ndugu yalianzia hapo, na kuna nyimbo ambazo mkia wake bado unasikika sekunde chache mwishoni mwa upande wa pili, pale mrekodi wa mwisho alipoishia.

Mwambao ulikuwa na mkondo wake. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service lilirekodi na kuuza kaseti za taarabu, na sauti ya Juma Bhalo, pamoja na mashairi ya Ahmad Nassir, ilifika nyumba nyingi kwa njia hiyo. Taarabu ilipigwa harusini, na harusini watu walikwenda na vinasa sauti vyao. Kaseti hizo zilisafiri na jamaa hadi Muscat na Dubai. Mtoto wa Mswahili aliyekulia Ghuba angeweza kuijua harusi ya Mombasa kwa vigelegele vya ndani ya kaseti kabla hajaikanyaga Mombasa.

Tanzania Bara mambo yalifunguka baada ya 1985, Rais Ali Hassan Mwinyi alipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Redio kaseti na kaseti tupu zikajaa madukani. Vikazuka vibanda vya kurekodi: mteja alileta kaseti tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo, akaiacha, akarudi kesho yake. Orodha hizo zilichanganya Franco wa Kongo, Michael Jackson na Mlimani Park upande mmoja bila shida yoyote, na ladha ya kizazi kizima ilijengwa hivyo. Wanamuziki hawakupata kitu. Hili halipaswi kufunikwa na utamu wa kumbukumbu: wapo waliojaza Tanzania nzima kwa nyimbo zao na kuzeeka katika ufukara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kustaafu au kufariki.

Miaka hiyohiyo ndipo kaseti ya dukani, yenye picha na majina ya nyimbo yaliyochapwa, ilipokuwa zawadi na ununuzi wa kwanza wa mtoto. Redio binafsi zilianza katika miaka ya 1990, na vijana wa rap ya Kiswahili, baadaye bongo fleva, walipeleka kazi zao kwa wasambazaji wa Kariakoo. Albamu ya Profesa Jay, Machozi, Jasho na Damu, ya mwaka 2001, ni miongoni mwa kaseti ambazo watoto wa shule walichanga fedha kununua na kuzigawana kwa zamu ya siku. Mchiriku, muziki wa vitongoji vya Dar es Salaam wenye kinanda kidogo cha Casio, ulipigwa kwa nadra sana redioni. Uliishi kwa kaseti, katika daladala na mitaani.

CD, kisha simu na memori kadi, ziliondoa kaseti madukani katika miaka ya 2000. Nyimbo za dansi za zamani zilibaki na jina walilozipa watu wa redio, zilipendwa, na sasa hupigwa zikiwa zimesafishwa. Kaseti za nyumbani hazina bahati hiyo. Joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu juu ya mkanda, na mashine za kuzipigia zinazidi kuwa chache. Mafundi wachache wa mjini bado wanahamisha kaseti za wateja kwenda kwenye flashi. Programu za kompyuta wanazotumia zinaweza kuondoa mkwaruzo, sauti ya mtangazaji na kelele za uani, na kabla ya kuanza kazi fundi huuliza kama aziondoe. Wateja wengi husema aziache.