Juma Moja Kigali: Vijana wa Kivu katika Mkutano wa Mwaka 2012

Watu wa Mudaka wanaijua vema barabara yao. Upande mmoja inakwenda Bukavu. Upande wa pili inakwenda Miti, karibu na Murhesa penye seminari kubwa, kisha inapita Kashusha na kufika Kavumu, penye kiwanja cha ndege. Siku ya soko imejaa mama wenye mizigo mgongoni. Lakini tangu mwaka 1994 barabara hiyo imepitisha pia wakimbizi na askari, tena mara nyingi. Mwenye kuandika historia ya vijana wetu sharti aanzie hapo, hata kama habari yenyewe ni habari ya sala.

Kijana aliyekuwa na miaka 17 mwaka 2012 alizaliwa mwaka 1995. Wakati ule kambi za Kashusha na Inera zilijaa Wanyarwanda waliovuka mpaka baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi. Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni vita ilipoingia mwaka 1996, kambi zikavunjwa, na Askofu mkuu Christophe Munzihirwa akauawa mjini Bukavu tarehe 29 mwezi wa 10. Hakuwa ameanza shule vita ya pili ilipolipuka mwaka 1998. Mwaka 2004, waasi wa Nkunda na Mutebutsi walipoushika mji wa Bukavu, alikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa hasahau. Basi, kijana wa namna hiyo akiambiwa, «Njoo, twende Rwanda tukasali juma moja pamoja na vijana wa nchi nyingine», nani atamlaumu akiuliza: kwa nini kule?

Jibu la swali lake linatoka mbali, katika kijiji cha Taizé, nchi ya Ufaransa. Tarehe 20 mwezi wa 8 mwaka 1940 alifika pale Mswisi mmoja wa miaka 25, Roger Schutz, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Frère Roger. Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani na kukatwa vipande viwili, na mstari wa kuigawanya ulipita si mbali na kijiji kile. Roger alinunua nyumba, akawaficha ndani yake wakimbizi, na Wayahudi walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1942 ilimbidi kuondoka, kwa kuwa siri yake ilikuwa imejulikana. Aliporudi mwaka 1944, ni nani aliyekuwa mfungwa katika kambi za jirani? Wajerumani. Roger na wenzake wakaomba ruhusa ya kuwapokea Siku ya Mungu, kula nao kidogo chakula walichokuwa nacho na kusali nao. Mlango uliofichwa nyuma yake waliowindwa na Wajerumani ulifunguliwa sasa kwa Wajerumani wenyewe. Majirani hawakupendezwa wote, na ni rahisi kuwaelewa.

Kwa Pasaka ya mwaka 1949 ndugu saba walijifunga kwa maisha yote. Wote walikuwa Waprotestanti. Wakatoliki waliingia baadaye. (Jarida kama letu, miaka ile, lisingalitaja habari ya pasta Mprotestanti bila kutia onyo! Lakini Papa Yoane XXIII alimwita Frère Roger pamoja na Max Thurian wahudhurie Mtaguso wa Vatikano wa Pili wakiwa watazamaji.) Kanisa la kijiji likawa dogo. Lile jipya lilijengwa na vijana wa Ujerumani, wa shirika lililoundwa ili Wajerumani watengeneze, kwa mikono yao, katika nchi zilizoumizwa na taifa lao. Lilifunguliwa tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1962, nalo linaitwa Kanisa la Upatanisho. Sisi wa Kivu tuisome mara mbili habari ile: watoto wa waliopiga wamekuja kujenga kwa waliopigwa.

Kutoka pale ilizaliwa desturi ya juma la vijana, tangu Siku ya Mungu mpaka Siku ya Mungu. Wanasali mara tatu kwa siku, wanasikiliza maelezo ya Biblia, wanazungumza katika makundi madogo, wanaosha vyombo na vyoo. Chakula kinaliwa kwa kijiko tu. Ijumaa jioni msalaba unalazwa chini, na kila mmoja anaukaribia na kuuwekea paji la uso. Jumamosi usiku wanawasha mishumaa. Hakuna jambo lisilowezekana Mudaka, na makatekista wetu waliangalie neno hilo.

Lakini kufika kule ni jambo jingine. Viza ya Ulaya na tiketi ya ndege si vitu vya mtoto wa mkulima. Vivyo hivyo Siku za Vijana Duniani za Papa: tangu mwaka 1986 mpaka Lisbon mwaka 2023 hazijafanyika katika Afrika hata mara moja. Watawa wa Taizé walifanya kinyume: walibeba mkutano wao na kuupeleka kwa watu. Walikwenda Johannesburg mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuanguka. Walikwenda Nairobi mwezi wa 11 mwaka 2008, na Kenya mwanzoni mwa mwaka uleule ilikuwa imemwaga damu kwa ajili ya uchaguzi. Ndiyo sababu ya Kigali, na ndilo jibu la swali la kijana wetu: wanakwenda penye kidonda.

Mkutano wa Kigali ulianza Jumatano tarehe 14 mwezi wa 11 mwaka 2012, ukaisha Siku ya Mungu tarehe 18. Ni siku tano. Ukiongeza safari ni juma. Kutoka Mudaka mtu anateremka Bukavu, anavuka Ruzizi, anapanda msitu wa Nyungwe, anapita Huye, ndipo Kigali. Walifika maelfu ya vijana, Wanyarwanda na majirani zao wa Afrika mashariki, Wakongo nao wakiwamo. Na kadiri ya desturi ya mikutano hiyo, hawakuwekwa katika hoteli: walipokelewa na familia.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo. Nyimbo na hotuba zinapita. Kulala katika nyumba ya mtu si kitu kidogo. Mama wa nyumba anaota maji ya mgeni, anauliza kama ameshiba, anamwita mwanangu. Mgeni anaona picha ukutani na kujua kwamba katika nchi ile picha nyingine ni za watu ambao mwaka 1994 haukuwaacha. Naye mwenye nyumba anasikia mambo yaliyompata jirani yake upande wa pili wa Ruzizi. Nani aliwahi kumweleza? Redio ya kila upande ina habari zake.

Tena mwaka ule ulikuwa mbaya. Uasi wa M23 ulikuwa umeanza kati ya mwezi wa 4 na wa 5 katika Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa 6 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba wakubwa wa jeshi la Rwanda wanausaidia, Rwanda ikakana. Mzazi aliyemzuia mtoto wake kwenda hakukosa sababu. Aliyemwachilia aende, naona, alifanya tendo la imani kubwa kuliko hotuba nyingi juu ya amani.

Wengine husema mikutano hii ni matembezi ya vijana, haizuii risasi hata moja. Ni kweli, haikuzuia. Tarehe 15, siku ya pili ya mkutano, mapigano yalianza tena upande wa Kibumba, kaskazini ya Goma. Kigali walikuwa wanasali. Lakini hakuna aliyewaahidi vijana kwamba sala ya siku tano itarudisha majeshi kambini. Frère Roger mwenyewe aliuawa kwa kisu akiwa katika sala ya jioni, tarehe 16 mwezi wa 8 mwaka 2005, mbele ya vijana wengi, na mwanamke mgonjwa wa akili. Katika maziko yake Frère Alois, aliyeshika nafasi yake, alimwombea mwanamke yule msamaha. Sala iliendelea jioni zilizofuata, kwa saa ileile.

Kinachonisumbua mimi ni kingine: vijana wakirudi, parokia inawafanyia nini? Mara nyingi wanasimamishwa mbele ya watu Siku ya Mungu moja, wanasalimu, watu wanapiga makofi, basi. Hakuna anayewauliza jina la familia iliyowapokea. Hakuna anayewaambia: mwaka ujao mtoto wa nyumba ile aje kulala kwetu. Chama cha Xaveri, ambacho Padri Georges Defour alikianzisha hapa Bukavu mwaka 1952, kilivuka mipaka kikaingia Rwanda na Burundi. Njia basi ilikwisha kufunguliwa na wazee wetu.

Wale wa mwaka 2012 wamekuwa watu wazima. Walikuwa na miaka 30 hivi wakati M23 ilipokishika kiwanja cha Kavumu katikati ya mwezi wa 2 mwaka 2025, kisha Bukavu, na askari kupita tena katika barabara ya Mudaka. Mwaka ule wa mkutano mambo yalikwenda upesi vilevile. Siku ya Mungu tarehe 18 walikula chakula cha mwisho na wenyeji wao, wakaagana. Jumanne tarehe 20 M23 iliingia Goma. Aliyekuwa na simu ya mwenyeji wake aliweza, usiku ule, kumpigia.